Chumvi Kidogo

Katumba, mvua ya tangu alfajiri,
ile isiyonyesha wala kuacha,
inayoning'inia tu migombani kama nguo zisizokauka.
Nimefunga mlango. Nina malimau manne
na mtindi wa siku mbili,
mzito, ukisimamisha kijiko kinasimama.

Maziwa ni ya ng'ombe wa Atuganile.
Nalisema hili mapema, lisije likanisuta mbele.
Ng'ombe yule yule aliyevunja ua mwezi wa nne
akala maharage yangu mistari sita.
Nilisema neno. Naye akasema mawili.
Tangu hapo maziwa nanunua kwa mkono wa mwanawe, Lusajo:
pesa inakwenda, chupa inakuja,
na katikati hakuna habari za asubuhi.

Na malimau? Shina liko kwangu,
lakini tawi lenye kuzaa limevuka,
linamwaga kwake.
Jana nimekuta manne yamepangwa juu ya ua,
yamefutwa matope.
Hakuna aliyeita. Hakuna aliyekohoa.

Haya. Siagi na sukari nazisugua kwa mwiko
mpaka mkono useme basi, nao ukisema basi naongeza.
Mayai matatu, moja moja.
Limau nalikwangua ngozi tu, ile njano;
ukifika kwenye weupe umefika kwenye uchungu,
na uchungu tunao wa kutosha.
Unga, poda ya keki, mtindi,
unga tena, mtindi tena,
hadi rojo linaanguka mwikoni kwa uvivu
likijikunja kama utepe.
Likiharakisha, bado. Likigoma, umezidisha.

Bati la mkate nimelipaka siagi hadi pembeni.
Sufuria kubwa, mchanga ndani yake,
mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko, ila nao kwa kiasi:
moto wa keki ni kama maneno ya watu,
ukizidi juu, ndani bado ni mbichi.

Saa nzima sifunui. Nakaa.
Upande wa pili ng'ombe anapiga kwato kwenye tope
na mwenyewe anamkemea kwa Kinyakyusa,
sauti ileile iliyombembeleza mwanangu
mwaka ule nilipolazwa wiki tatu.
Sikuwa nimeliwaza hilo siku nyingi.
Ni harufu, labda.
Harufu ya limau likiiva huruka ua.

Njiti ya ufagio imetoka safi.
Keki imepasuka mgongoni, na mimi naipenda iliyopasuka.
Naichoma ingali moto, matundu kama ishirini,
namimina maji ya limau yenye sukari;
imekunywa yote, ikataka tena.
Ikipoa, sukari ya unga na matone machache,
nyeupe, nzito, naiachia juu.
Imeteremka ubavu mmoja tu,
kwa kuwa meza yangu imeinama.

Nimeikata katikati kwa uzi, siyo kisu,
asije akasema nimejipendelea.
Nusu kwenye sahani ya maua, bakuli juu yake.
"Lusajo, mpelekee mama. Usiseme kitu."
"Akiuliza?"
"Hatauliza."

Nikaosha mwiko. Nikauosha tena.

Jioni sahani ikarudi,
na kwetu sahani hairudi tupu.
Juu yake karatasi ya daftari la hesabu, imesokotwa;
ndani, chumvi ya kushika kwa vidole viwili.

"Mama anasema ndaga.
Anasema laini imekuwa laini, aisingi hana neno,
umesahau hii tu.
Anasema ya Jumapili ukapikie kule,
mkaa anao, na meza yake imenyooka."

Nikailamba chumvi palepale mlangoni,
mtoto akinitazama.
Ni kweli. Nilisahau.